Kishikwambi cha mwalimu: tathmini ya mtumiaji

Vishikwambi ambavyo Serikali ya Tanzania ilianza kuwagawia walimu Novemba 2022 vimekaa mikononi mwetu muda wa kutosha kuandikiwa tathmini ya haki. Wakati vinagawiwa, yaliyoandikwa mengi yalihusu hafla za makabidhiano. Sasa vioo vimechubuka, betri zimeanza kuchoka, na kila mwalimu ameshajua kifaa chake kinamfaa wapi na kinamkwamisha wapi. Ninaandika kama mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, ninayefundisha Hisabati na Sayansi katika madarasa ya juu, na ninakipima kishikwambi hiki kwa ukali ule ule ambao ningempimia muuza duka, kwa sababu hata hapa mlipaji ni mimi na kila Mtanzania anayekatwa kodi.

Asili ya vifaa hivi inafaa ijulikane kabla ya kuvisifu au kuvilaumu. Havikuchaguliwa kwa ajili ya darasa. Habari yake inaanzia kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti 2022, ambayo ilikuwa ya sita tangu Muungano na ya kwanza ambamo makarani waliingiza majibu ya kaya moja kwa moja kwenye kifaa badala ya kujaza madodoso ya karatasi. Kazi hiyo ilipokwisha na nchi ikajua kwamba ina watu 61,741,120, Serikali iliamua kwamba vishikwambi visirudishwe stoo bali viende kwenye elimu, na jumla ya takriban 300,000 ikapangwa kwa ajili ya walimu, ugawaji wake ukizinduliwa na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa. Kwa upande wa matumizi ya fedha za umma, huo ulikuwa uamuzi wa busara, na ninausema hivyo bila kusitasita. Tumezoea kuona mali ya mradi mmoja ikiozea kwenye makontena huku mradi wa jirani ukiagiza mali ile ile upya kutoka nje.

Walimu wengi walikuwa miongoni mwa makarani wa sensa, kwa hiyo walikifahamu kifaa hiki katika maisha yake ya kwanza, na tofauti ya maisha yale na haya ndiyo inayoeleza karibu kila kitu nitakachosema hapa chini. Karani wa sensa alifundishwa kwa takriban wiki tatu, akapewa dodoso moja, eneo moja la kuhesabia lenye mipaka yake, msimamizi wa maudhui wa kumuuliza swali gumu, na msimamizi wa TEHAMA wa kumkimbilia pale kifaa kinapogoma. Alijua asubuhi anakwenda kufanya nini, na jioni alijua kama amekifanya. Kifaa hicho hicho kilipofika shuleni kilifika bila dodoso. Tulisaini daftari la makabidhiano, tukasisitiziwa kwamba ni mali ya Serikali na kwamba kitumike kufundishia, na hapo maelekezo yakaishia.

Nianze na pale kinapostahili sifa, nako ni kwenye alama. Asiyewahi kuwa mwalimu wa darasa lenye wanafunzi themanini hawezi kuujua uzito wa mtihani wa mwezi. Wanafunzi themanini kwa masomo sita ni alama 480 za kuandika, kujumlisha, kutafutia wastani na kupanga kwa nafasi, na zamani hayo yote yalifanyika kwa kalamu na kikokotoo, usiku, ukiomba usije ukaruka mstari mmoja na kulazimika kupanga nafasi upya kuanzia mwanafunzi wa kumi na moja. Siku hizi mwalimu wa taaluma huandaa jedwali moja lenye fomula zake, hulituma kwa kila mwalimu wa somo, kila mmoja hujaza safu yake, na nafasi hujipanga zenyewe. Si kazi ya starehe, maana kibodi inapofunguka hufunika nusu ya kioo, na ukifika kwa mtoto wa mstari wa hamsini huoni tena jina lake mpaka usogeze jedwali kwa kidole, na kidole chenyewe kikigusa pasipotakiwa hufuta alama ya mtoto mwingine bila kukupa taarifa. Ndiyo maana nimejizoeza kusoma alama kwa sauti huku mwenzangu akifuatilia kwenye karatasi. Hata hivyo, kazi iliyokuwa ikinila usiku mbili tatu sasa huisha mchana mmoja, na matokeo yanayobandikwa ukutani hayana tena ule msururu wa makosa ya kujumlisha uliokuwa ukiwaleta wazazi ofisini kwa mwalimu mkuu.

Sifa ya pili ni vitabu. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada na viongozi vya mwalimu kwenye Maktaba Mtandao yake, na mwalimu aliyepakua vile vya masomo yake hahitaji tena kusubiri kitabu kimoja cha rejea kinachozunguka kati ya walimu wanne. Faida hiyo imeonekana zaidi tangu mtaala ulioboreshwa ulipoanza kutekelezwa Januari 2024, kwa kuwa palipokuwa na pengo kati ya mtaala kuanza na nakala za karatasi kufika, mwenye kishikwambi alikuwa na pa kuanzia. Kusoma kurasa nyingi kwenye kioo hiki kunachosha macho, na michoro ya Sayansi hulazimu kukuzwa kwa vidole mpaka maandishi yake yatoke nje ya kioo, lakini kwa maandalizi ya somo kinatosha kabisa.

Tatu ni kazi za ofisi, ambazo siziiti sifa wala kasoro. Tangu PEPMIS, mfumo wa kielektroniki, ilipochukua nafasi ya OPRAS, utaratibu wa zamani, katika kupima utendaji wa watumishi wa umma, mwalimu hutakiwa kuingiza majukumu yake na utekelezaji wake kwenye mfumo, mbali na takwimu nyingine zinazotakiwa na kata na halmashauri kila mara. Bila kishikwambi, kazi hizo zingefanywa kwa simu ya mwalimu mwenyewe au kwa kumlipa kijana wa steshenari. Kwa hiyo kifaa kimetuokoa. Lakini ukimwuliza mwalimu yeyote mkweli kishikwambi chake kimewashwa mara ngapi kwa ajili ya takwimu na mara ngapi kwa ajili ya kipindi, jibu halitamfurahisha aliyetia saini malipo yake.

Sasa twende darasani. Nilikuwa na somo la mzunguko wa damu kwa Darasa la Sita, na nilikuwa nimepakua video fupi inayoonyesha moyo ukisukuma damu, valvu zikifunguka na kufunga, jambo ambalo picha ya kitabuni haiwezi kulionyesha hata ikichorwa kwa ustadi gani. Niliposimama mbele na kukiinua kifaa, madawati mawili ya mbele yalinyamaza kwa mshangao, na kuanzia dawati la nne kwenda nyuma ikaanza sauti moja: “Mwalimu, hatuoni!” Spika yake, ambayo ofisini husikika vizuri, darasani ilimezwa na kelele za darasa la pili lililo ng’ambo ya ukuta. Nikawagawa katika makundi ya wanane wanane, wapokezane. Hesabu yake ni rahisi na ni ya kikatili: makundi kumi, dakika nne kila moja pamoja na kuhama, ni dakika arobaini, yaani kipindi kizima, na katika dakika hizo arobaini kila mtoto amejifunza kwa dakika nne na kusubiri kwa thelathini na sita. Kabla zamu hazijafika nusu, wa nyuma walikuwa wameanza kupigana viwiko. Nilikizima, nikarudi ubaoni, nikauchora moyo kwa chaki nyekundu na ya buluu, kisha video nikawaonyesha wachache waliobaki baada ya saa za masomo.

Jawabu la wazi ni projekta, na shule kadhaa zimeanza kuchangisha wazazi ili zinunue. Hapa nina tahadhari ya kiufundi ambayo ingefaa itolewe mapema kwa kila kamati ya shule. Vishikwambi vingi vya bei nafuu vina tundu la USB linalochaji na kuhamisha mafaili tu, lisilotoa picha kwenda kwenye projekta, na waya wa kubadilishia unaouzwa madukani hausaidii kitu iwapo kifaa chenyewe hakina uwezo huo. Kamati ikinunua projekta bila kujaribu, itajikuta ina vitu viwili visivyozungumza. Njia ya uhakika zaidi ni kuchagua projekta yenye tundu lake la kuchomekea flashi na uwezo wa kusoma video yenyewe. Mwalimu huihamishia video kwenye flashi na kuichomeka, basi. Pia iwe yenye mwanga mkali, kwa sababu madarasa yetu mengi yana madirisha mapana yasiyo na mapazia, na saa nne asubuhi picha hafifu ukutani haionekani.

Halafu kuna umeme. Tanzania Bara ina vijiji 12,318 na kazi ya kuvifikishia umeme imekwenda mbali sana, jambo ambalo mtu mzima anayekumbuka hali ilivyokuwa miaka ya 2000 hawezi kulibeza. Lakini nguzo kufika kijijini ni hatua moja, waya kufika shuleni ni nyingine, na soketi kuwa ndani ya darasa ni ya tatu. Katika shule nyingi umeme huishia ofisini kwa mwalimu mkuu, kwenye soketi mbili zinazogombewa na chaja za vishikwambi vya walimu wote tangu asubuhi. Na uniti za LUKU nazo zina mlipaji.

Mlipaji huyo ni ruzuku ya uendeshaji. Tangu Elimumsingi Bila Malipo ianze Januari 2016, ruzuku ya shule ya msingi hukokotolewa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na katika hizo shilingi 6,000 ndizo zinazoingia shuleni, nyingine zikiwa za vitabu. Shule yenye wanafunzi 500 hupata kwa hesabu hiyo shilingi milioni 3 kwa mwaka, sawa na 250,000 kwa mwezi, ambazo zinatakiwa zitoshe chaki, karatasi, mitihani, michezo, ukarabati mdogo na uendeshaji wa ofisi. Mwenye kukaa na mahesabu hayo haoni pa kulichomeka bando la intaneti la walimu ishirini, wala fundi wa kubadilisha kioo kilichopasuka. Matokeo yake ni kwamba bando la kishikwambi cha Serikali hutoka mfukoni mwa mwalimu. Wengi wetu huwasha intaneti ya simu, tukaunganisha kifaa kwa dakika chache, tukapakua kinachohitajika na kuzima haraka. Sidai kwamba huo ni uonevu mkubwa kuliko mwingine tulio nao. Nasema tu kwamba kifaa kilinunuliwa kwa fedha nyingi na uhai wake wa kila siku ukaachiwa hiari ya mwenye mshahara mdogo.

Mafunzo ndiyo sehemu iliyonikera kuliko zote, na pia ndiyo sehemu iliyonipa tumaini, kwa nyakati tofauti. Semina niliyohudhuria baada ya kupokea kifaa, ambayo waandaaji wake sitawataja, ilitumia muda wake mrefu kutuonyesha jinsi ya kuwasha, kufungua barua pepe, kuweka nywila na kupakua programu. Walimu vijana walisinzia kwa kuwa waliyajua yote, na walimu wa umri wa mama zetu walikuwa wangali wakitafuta alama ya kutolea sauti wakati mwezeshaji ameshahamia slaidi ya sita. Hakuna aliyeuliza swali ambalo mimi nilikuwa nimelifuata pale: kifaa kimoja, watoto themanini, somo la sehemu, nifanye nini?

Jibu nililolipata halikutoka semina. Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, yanataka walimu wakutane shuleni mwao katika jumuiya za ujifunzaji na kujadiliana kuhusu ufundishaji. Katika mkutano mmoja wa jumuiya yetu, mwalimu wa Darasa la Tatu, mama mtu mzima ambaye tulidhani hakipendi kabisa kishikwambi, alikuja na picha alizopiga kwenye madaftari ya wanafunzi wake, majina yakiwa yamefunikwa kwa rula. Swali lilikuwa 402 kutoa 178. Mtoto mmoja aliandika 376, wa pili 376, wa tatu 376. Tukacheka mwanzoni, kisha mama yule akasema, “Walimu wenzangu, msicheke, hawa hawakukisia, hawa wana kanuni.” Ilikuwa kweli. Kila mtoto alikuwa ametoa tarakimu ndogo kutoka kubwa popote zilipokuwa: nane toa mbili ni sita, saba toa sifuri ni saba, nne toa moja ni tatu. Walikuwa wamejifunza kutoa bila kukopa na kuifanya kuwa sheria ya maisha. Tukaichukua picha moja moja, tukaikuza, tukaifuatilia kalamu ya mtoto mahali alipofuta na kuandika tena, tukatafuta somo lipi la wiki zilizopita lilipanda mbegu ile, na mwisho tukapanga namna ya kulifundisha upya kwa mafungu ya vijiti, mafungu ya kumi na mafungu ya mia.

Mkutano ule haukuhitaji bando wala projekta, na soketi ya darasani haikutusaidia kitu wala kutupungukia. Tulikuwa walimu watano, na kioo cha kishikwambi kinatosha kabisa watu watano walioketi kuizunguka meza. Tangu hapo msimamo wangu umekuwa huu: kifaa hiki kina ukubwa wa meza ya walimu, hakina ukubwa wa darasa, na fedha yoyote inayoendelea kutumika kukilazimisha kiwe cha darasa ingezaa zaidi kama ingetumika kukipa kazi ya wazi pale mezani. Kamera yake, ambayo hakuna mwezeshaji aliyeitaja, ndiyo sehemu yake yenye thamani kubwa kuliko zote kwa ufundishaji.

Wapo wanaodai kwamba kosa lilikuwa kumpa mwalimu badala ya mtoto. Jirani zetu walijaribu njia hiyo, na rekodi yake ipo. Nchini Kenya, muungano wa Jubilee uliahidi katika kampeni za 2013 kwamba kila mtoto anayeingia darasa la kwanza atapata kompyuta mpakato. Zabuni ya kwanza, yenye thamani ya takriban shilingi za Kenya bilioni 24.6, ilifutwa 2014 baada ya washindani kukata rufaa, mpango ukapangwa upya, kompyuta mpakato zikageuka vishikwambi, na usambazaji ukaanza 2016 kupitia miungano miwili, mmoja wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta na kampuni ya Positivo BGH, mwingine wa Chuo Kikuu cha Moi na kampuni ya JP SA Couto ya Ureno. Vifaa zaidi ya milioni moja vilifika katika shule zaidi ya 20,000, na kwa upande wa usambazaji hayo ni mafanikio ambayo si haki kuyapuuza. Tena kifurushi cha Kenya kilikuwa kimefikiriwa vizuri kuliko chetu: vishikwambi vya watoto vilikuja na kompyuta za walimu, projekta, na seva ndogo yenye kipanga njia iliyohifadhi masomo ndani ya shule ili intaneti isiwe lazima. Shule za wanafunzi wasioona zilipangiwa mashine za breli. Ningepewa kuchagua, seva ile ndiyo ningeitamani kwanza.

Pamoja na hayo, vifaa vilivyohesabiwa kwa ajili ya darasa la kwanza vilitosha darasa la kwanza tu, na mtoto alipopanda darasa aliviacha nyuma yake. Mtaala mpya wa umilisi ulipoanza kutekelezwa nchi nzima 2019, masomo yaliyokuwa yameandaliwa kwa mtaala wa zamani yalipoteza sehemu kubwa ya matumizi yake. Magazeti ya Kenya yaliandika mara kwa mara kuhusu vishikwambi vilivyofungiwa kabatini kwa kuogopa wezi, na mwalimu yeyote wa huku anaielewa hofu hiyo bila kuelezwa: mwalimu mkuu aliyetia saini ya vifaa mia moja hulala vizuri zaidi vikiwa vimefungiwa kuliko vikiwa mikononi mwa watoto wa miaka sita. Rwanda nayo ilianza 2008 na mpango wa kompyuta moja kwa kila mtoto, ikasambaza zaidi ya 200,000, kisha ikaelekea kwenye madarasa maalumu yenye kompyuta zinazotumiwa kwa zamu na shule nzima. Mbali zaidi, Peru iligawa mamia ya maelfu ya kompyuta za aina ile ile, na utafiti wa Benki ya Maendeleo ya Mabara ya Amerika uliochapishwa 2012, uliohusisha shule 319, haukuona nyongeza katika alama za Hisabati na za lugha. Kwa hiyo wanaotaka kishikwambi kwa kila mtoto wana kazi ya kueleza ni kipi hapa kwetu kitakachokwenda tofauti.

Kuna uwekezaji mwingine wa umma ambao hauzungumzwi sana na ambao, kwa maoni yangu, umekaa sawa zaidi. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao hupata sehemu ya fedha zake kutokana na michango ya makampuni ya mawasiliano, umekuwa ukipeleka kompyuta na vifaa vyake katika shule za umma na kugharamia mafunzo ya walimu katika vyuo kama Chuo Kikuu cha Dodoma, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Mwalimu mmoja aliyerudi kutoka mafunzo ya namna hiyo, anayejua kufungua kompyuta, kupuliza vumbi, kubadilisha diski na kurejesha programu, huifaa shule kuliko kompyuta tano mpya zisizo na mtu. Ningependa kuona mpango wa vishikwambi ukiazima desturi hiyo: kila kata iwe na mwalimu mmoja aliyefundishwa matengenezo, mwenye vipuri vichache na siku yake ya kazi hiyo inayotambulika kwenye ratiba, badala ya kuachwa afanye kwa ihsani baada ya saa za kazi.

Alama ninazotoa ni hizi. Kwa kazi za ofisi na maandalizi ya somo, ninakipa kishikwambi nane kati ya kumi, nikikata mbili kwa ajili ya kibodi na bando. Kwa kufundishia darasa zima, ninakipa tatu, na hata hizo ni za huruma. Kwa walimu kujifunza wao kwa wao, ninakipa tisa, ingawa matumizi hayo hayamo katika maelekezo yoyote niliyopewa.

Linalobaki ni umri. Betri za aina hii hupungua nguvu kila zinapochajiwa, na vifaa vilivyoanza kazi 2022 kwa kushinda juani siku nzima na makarani wa sensa vimeanza kuzima ghafla vikiwa na asilimia thelathini. Mifumo ya simu nayo huacha kupokea maboresho baada ya miaka michache, na siku programu za Serikali zitakapodai toleo jipya, vingi vitabaki vya kusomea vitabu tu. Kabla siku hiyo haijafika, halmashauri ziruhusiwe kutenga kifungu cha betri na vioo kwenye bajeti zake, kwa kuwa kubadilisha betri ni nafuu mno kuliko kununua kifaa kipya. Na itakapofika zamu ya kununua vipya, walioketi kuandika vigezo vya zabuni wawaite walimu wachache wa darasa wawaeleze mambo matatu ambayo hayatakuwamo kwenye orodha ya muuzaji: tundu linalotoa picha, kibodi ya kuchomeka, na nafasi ya kuhifadhi vitabu vyote vya shule bila intaneti.